Tetemeko la Ardhi na Mji wa Zanzibar: Kinachopimwa na Kinachoweza Kujulikana

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili kupita kidogo, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Mtikisiko wake ulisikika Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, na hata Nairobi. Halikuleta maafa makubwa, lakini liliacha swali ambalo halijapata jibu lililotulia mpaka leo: sisi wa visiwani, tuko katika hali gani?

Kila ardhi inapotikisika namna hiyo, mazungumzo ya barazani huelekea pande mbili. Wapo wanaosema kwamba visiwa vyetu haviko kwenye Bonde la Ufa, kwa hiyo hakuna la kuhofia; na wapo wanaosema kwamba ikiwa zilzala imefika leo, basi kesho itakuja iliyo kubwa zaidi. Kauli zote mbili zinalazimisha ndiyo au hapana kwenye jambo ambalo halijibiki hivyo. Mtaalamu anayetathmini tishio la tetemeko hatabiri siku wala saa, kwa sababu hakuna njia inayojulikana ya kufanya hivyo. Yeye hujiuliza hivi: katika muda uliotajwa, tuseme miaka 50, upo uwezekano wa kiasi gani kwamba ardhi ya mahali fulani itatikisika kupita kiwango fulani? Njia ya kulijibu swali hilo kwa hesabu iliwekwa wazi na mhandisi wa Kimarekani, C. Allin Cornell, mwaka 1968, na mpaka sasa ndiyo inayofuatwa karibu duniani kote. Nitaieleza hapa kwa kuuangalia Mji wa Zanzibar na, pale inapobidi, Pemba. Na nitaeleza pia kwa nini naamini kwamba sehemu ya jibu inayotuhusu zaidi haionekani kwenye ramani za dunia, kwa kuwa iko chini ya Darajani na ndani ya kuta za Mji Mkongwe.

Matetemeko yanatoka wapi

Kazi huanza kwa kutafuta vyanzo. Afrika Mashariki inachanika. Bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya bara la Afrika, na bamba la Somalia lililo upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, na kasi hiyo hupungua kadiri mtu anavyotoka Ethiopia kuelekea kusini. Mpasuko wenyewe haukufuata mstari mmoja. Mkono wake wa magharibi unapita kwenye maziwa ya Tanganyika, Rukwa na Nyasa, na ule wa mashariki unapita Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania, ambako hutawanyika. Vipimo vya setilaiti vimeonesha kwamba katikati ya mabamba hayo makubwa vimo vipande vidogo vinavyojiendea kwa mwendo wao, kimojawapo kikiitwa Rovuma, na ukingo wa mashariki wa kipande hicho uko baharini. Mbele ya pwani ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kuna Mgongo wa Davie pamoja na mabonde ya chini ya bahari ambayo bado yanapanuka na kutoa matetemeko. Kwa hiyo anayesema kwamba Bonde la Ufa liko mbali nasi anasema kweli kuhusu lile linaloonekana kwa macho, ila anaisahau bahari.

Pemba inahitaji kuangaliwa peke yake. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi ya mita tu, kiasi kwamba maji ya bahari yaliposhuka katika zama za barafu Unguja iliungana na bara. Mkondo wa Pemba una kina cha karibu mita 800, na wanajiolojia wanakihusisha kina hicho na nyufa kubwa zilizoishusha sakafu ya bahari kati ya Pemba na pwani ya Tanga. Visima vilivyochimbwa Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na 1960 kutafuta mafuta vilishuka zaidi ya kilomita tatu, na katika urefu wote huo vilikuwa vikipita kwenye tabaka za mashapo, yaani mchanga na matope yaliyotuama na kugandamana.

Lakini ufa kuwepo ni jambo moja, na ufa kuwa hai ni jambo jingine. Ili kulijua hilo, mtaalamu huangalia kama ufa umekata tabaka changa za mchanga na matope zilizo karibu na sakafu ya bahari. Ukiwa umezikata, maana yake umesogea katika zama za karibu. Tabaka hizo zikiwa zimelala juu yake bila kukatika, ufa huo umetulia muda mrefu. Taarifa za aina hiyo hupatikana kwa kupeleka mawimbi ya sauti chini ya bahari na kusikiliza mwangwi wake, na hiyo ndiyo kazi ambayo kampuni za mafuta na gesi huifanya zinapochunguza vitalu. Data za uchunguzi kama huo mara nyingi huangaliwa kwa jicho la mafuta na gesi. Ningependa kuona mikataba ya utafutaji ikilazimisha nakala zake zifike pia kwa wanaotathmini matetemeko, maana hakuna taasisi ya umma visiwani itakayomudu gharama ya kuzikusanya upya.

Urefu wa ufa ndio unaoamua ukubwa wa tetemeko unaloweza kutoa. Ufa unaokatika kwa urefu wa kilomita 20 hutoa tetemeko la karibu 6.5, ukikatika kwa kilomita 50, tunafika 7. Ukanda wetu umeshaona ya kiwango hicho na zaidi. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa karibu 7.4, na lile la Machaze, Msumbiji, la Februari 2006 lilifika 7.0.

Mara ngapi

Hapa ndipo ugumu wenyewe unapoanza, na ndipo watu wengi, wakiwemo wenye elimu, wanapoteleza.

Matetemeko hufuata mpangilio unaojulikana vizuri: katika eneo lolote lenye rekodi ya kutosha, kwa kila matetemeko kumi yenye ukubwa wa 5 au zaidi kunakuwa na takriban moja lenye ukubwa wa 6 au zaidi, na kwa kila kumi ya 6 kuna moja la 7. Kila hatua moja ya ukubwa huongeza nishati mara 32 hivi. Kwa hiyo mtaalamu akiyahesabu madogo, ambayo hutokea mara nyingi, anaweza kukadiria makubwa ambayo hakuna mtu aliye hai aliyeyaona. Shida ni kwamba hesabu hiyo inataka rekodi ndefu, na yetu ni fupi. Mitambo ya kurekodi matetemeko ilianza kusambaa duniani mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mtandao ulioweza kuyanasa matetemeko ya wastani ya Bahari ya Hindi ya magharibi kwa uhakika haukuwepo mpaka miaka ya 1960. Kabla ya hapo tunategemea barua, magazeti na kumbukumbu za wazee. Na tetemeko lililotokea baharini usiku wa manane, mbali na mji, halikuwa na wa kuliandika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kuna ufa karibu nasi unaotoa tetemeko kubwa mara moja kwa wastani wa miaka 1,000, na tuseme tuna rekodi nzuri ya miaka 100. Uwezekano wa kutoliona tetemeko hilo katika rekodi yetu ni asilimia 90. Maana yake ni kwamba katika miji kumi yenye nyufa za namna hiyo, tisa itakuwa na rekodi safi, na wakazi wake watasema kwa dhati kabisa kwamba kwao hakuna matetemeko. Ukimya wa karne moja, kwa ufa wa namna hiyo, haututhibitishii chochote.

Njia nyingine ni kuuliza ufa unakusanya mwendo kiasi gani. Ufa unaosogea nusu milimita kwa mwaka unahitaji miaka 2,000 ili kulimbikiza mita moja, na mita moja ni mtelezo wa kawaida wa tetemeko la 7. Nusu milimita kwa mwaka ni mwendo mdogo mno kuonekana, na vipimo vya setilaiti vinahitaji miaka mingi ya kukaa mahali pamoja ili viutofautishe na makosa ya vipimo vyenyewe. Ndiyo maana vituo vichache vya kudumu vya vipimo hivyo ni mali kubwa kuliko vinavyoonekana, na kila kituo kinachozimika kwa kukosa betri au ulinzi hutupotezea miaka isiyorudi.

Bukoba inatufundisha jambo hapa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9, lililoanzia kina cha karibu kilomita 40, liliua watu zaidi ya kumi na tano na kubomoa mamia ya nyumba mkoani Kagera. Kwa vipimo vya dunia lile lilikuwa tetemeko la wastani, la aina ambayo Japani huipokea na siku ikaendelea. Ukubwa wake ulilingana karibu sawa na lile la Agosti 2020 lililotutikisa sisi. Tofauti ilikuwa umbali: Bukoba lilitokea chini ya makazi ya watu, na la 2020 lilikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka Mji Mkongwe, chini ya maji.

Safari ya mtikisiko na ardhi inayoupokea

Umbali hupunguza nguvu, na wahandisi wana kanuni za kukadiria mtikisiko kwa kila ukubwa na kila umbali. Kanuni hizo zimetokana na rekodi za California, Japani, Ulaya na kwingineko, kwa sababu huko ndiko vilikojaa vipimo, sisi tunaziazima. Mwamba wa kale wa Afrika hupitisha mtikisiko mbali zaidi kuliko ardhi iliyovunjikavunjika ya California, kwa hiyo uazimaji huo unahitaji tahadhari.

Kiwango kinachopimwa mwisho wa safari ni mchapuko, yaani jinsi mwendo wa ardhi unavyobadilika ghafla, na huandikwa kama sehemu ya mchapuko wa kitu kinachoanguka, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Tarakimu hiyo si ya wataalamu peke yao. Nyumba yenye uzito wa tani 300 ikipata mchapuko wa sehemu ya kumi, ni sawa na kusukumwa ubavuni kwa uzito wa tani 30, huku na huku, mara kadhaa kwa sekunde chache. Nyumba iliyojengwa kubeba uzito unaoshuka chini tu haikuandaliwa kwa msukumo huo.

Sasa tufike kwenye ardhi yenyewe. Ramani ya dunia ya tishio la matetemeko iliyotolewa mwaka 2018 na GEM (Global Earthquake Model), taasisi ya kimataifa ya tathmini ya matetemeko, inaonesha pwani yetu kuwa na rangi hafifu ikilinganishwa na Bonde la Ufa, na wengi huishia hapo. Lakini ramani ya aina hiyo huchorwa kwa kudhani kwamba kila mahali pana mwamba mgumu. Ni dhana ya lazima, kwani mchoraji wa ramani ya dunia hawezi kujua kilichopo chini ya kila mtaa. Ila ni juu yetu kuirekebisha, maana mji wetu haukukaa wote juu ya mwamba.

Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi ya Shangani. Upande wake wa nyuma kulikuwa na hori, mkono wa bahari uliokuwa ukijaa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na kuitenganisha rasi na Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo upande wa pili. Katika karne ya 20 hori hilo lilifukiwa kwa awamu. Leo hapo pana barabara kuu, shughuli za soko la Darajani, na viwanja vya Mnazi Mmoja. Eneo la bandari ya Malindi nalo ni ardhi iliyochukuliwa baharini. Mtu anayetoka Shangani kwenda Michenzani kwa miguu anatoka kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, anavuka kifusi kilichomwagwa juu ya tope, kisha anapanda tena kwenye ardhi ya asili, yote hayo kwa mwendo wa robo saa, na hakuna alama yoyote njiani inayomwambia kwamba ardhi imebadilika.

Ardhi laini hupokea mawimbi yanayotoka kwenye mwamba, huyapunguza kasi, na kwa sababu nishati haipotei, huyaongeza ukubwa. Ongezeko hilo linaweza kufika mara mbili au zaidi. Tena ardhi laini ina mpigo wake wa asili. Anayesukuma pembea ya mtoto katika viwanja vya sikukuu anajua kwamba nguvu ndogo, ikitolewa kwa mpigo wa pembea yenyewe, humrusha mtoto juu kuliko nguvu kubwa iliyotolewa ovyo. Tabaka laini la mita 15 ambalo mawimbi hulipita kwa mita 150 kwa sekunde lina mpigo wa sekunde 0.4, na jengo la ghorofa nne lina mpigo wa karibu hapo hapo, maana kila ghorofa huongeza takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Jengo la aina hiyo juu ya ardhi ya aina hiyo litayumba zaidi ya jirani yake wa ghorofa moja au wa ghorofa kumi. Jiji la Mexico lililipia somo hili tarehe 19 Septemba 1985, pale tetemeko la 8.0, lililotokea zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, lilipoangusha majengo marefu yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale, wakati mitaa iliyo kwenye mwamba haikupata hasara ya kulingana na hiyo.

Mchanga uliolowa maji una tatizo la ziada. Ukitikiswa kwa nguvu, maji yaliyo kati ya chembe hushindwa kutoka, chembe huachana, na kwa dakika chache ardhi hupoteza ugumu wake. Nguzo huzama, kuta za gati huinama kuelekea baharini. Kwa kisiwa kinachopokea chakula, mafuta na saruji kupitia bandari moja kuu, hili lina uzito wake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hatua hii haihitaji kusubiri tetemeko. Kuna njia iliyopata umaarufu mwaka 1989 kwa kazi ya Mjapani Nakamura, ambayo hutumia mtikisiko mdogo uliopo kila wakati: mawimbi ya bahari, magari, upepo. Kipima mtetemo kimoja huwekwa chini kwa nusu saa, kikalinganisha mtikisiko wa ubavu na ule wa juu-chini, na mpigo wa asili wa ardhi hiyo hujitokeza kwenye hesabu. Vurugu za daladala za Darajani, ambazo kwa vipimo vingine ni kero, hapa ndizo malighafi. Wanafunzi wachache wa chuo, wakiwa na vifaa viwili au vitatu, wanaweza kuchora mpaka wa hori lililofukiwa mtaa kwa mtaa. Pamoja na hayo, kila hoteli na kila jengo la ghorofa lililojengwa kwa kufuata utaratibu lilitanguliwa na uchunguzi wa udongo. Ripoti hizo zipo makabatini. Zikikusanywa mahali pamoja zitatupa picha ya chini ya mji bila kuchimba shimo jipya hata moja.

Maana ya miaka 475

Vyanzo, idadi, umbali na ardhi vikishaunganishwa, hutoka jedwali linalosema: kiwango hiki cha mtikisiko kitapitwa mara moja kwa wastani wa miaka kadhaa. Kanuni nyingi za ujenzi hutumia miaka 475. Nambari hiyo haikutoka ardhini. Ni matokeo ya uamuzi wa watu waliokubaliana kwamba jengo la kawaida, likikadiriwa kuishi miaka 50, libebe uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa. Haimaanishi kwamba tetemeko huja kila baada ya miaka 475, wala kwamba likija leo tumeshapumzika kwa miaka 475.

Sasa tuiangalie nambari hiyo kwa macho ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883. Kwa jengo lililosimama miaka 140, uwezekano wa kukutana na mtikisiko wa miaka 475 angalau mara moja ni robo nzima. Tunayoyaita majengo ya urithi tunataka yaishi miaka mingine 140 na zaidi, na kwa hiyo kuyapima kwa kigezo cha jengo la miaka 50 ni kuyapunja. Mimi ningeyapima, pamoja na hospitali na skuli, kwa mtikisiko wa miaka 2,475, ambao una uwezekano wa asilimia 2 katika miaka 50.

Kila hatua niliyoitaja ina shaka yake. Mtaalamu mwaminifu haifichi. Hutengeneza mti wa matawi, ambapo kila tawi ni dhana moja: ufa wa Pemba ni hai au si hai, kanuni ya umbali ni hii au ile, tetemeko kubwa kabisa ni 6.5 au 7. Kila tawi hupewa uzito, hesabu hurudiwa kwa matawi yote, na jibu hutolewa kama wigo. Ripoti inayotoa nambari moja tupu, bila wigo, irudishwe kwa mwandishi wake.

Kuta

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Hakukuwa na tetemeko siku hiyo. Jengo lililoweza kuanguka ardhi ikiwa imetulia linatuambia wazi kiasi gani cha akiba ya nguvu kilichobaki kwenye kuta za aina yake.

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe, ukiukata na kuutazama, una nyuso mbili za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa udongo na chokaa, na katikati yake mna vifusi vya mawe madogo. Unene wake hufika nusu mita na zaidi. Boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua vyumba viwe vyembamba, hupachikwa vichwa ndani ya ukuta, na juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa, hata sakafu ikawa nzito kupita kiasi. Uzito huo ndio hutiwa nguvu na mchapuko. Dari ikivuja, vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta mahali pasipoonekana, na kile kilichokuwa kikiushika ukuta wa huku na wa kule huwa hakishiki tena. Ardhi ikitikisika, nyuso mbili huachana, uso wa nje hutumbukia uchochoroni, na boriti humfuata aliyekuwa chini yake. Uchochoro wenyewe ndiyo njia ya kukimbilia.

Baadhi ya matengenezo yanayofanywa kwa nia njema huongeza hatari hiyo. Plasta ya saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa. Zege badala ya boriti huongeza uzito juu ya ukuta uleule. Kinachosaidia ni cha kawaida na si ghali kikilinganishwa na thamani ya jengo: kuziba paa, kubadilisha boriti zilizooza, kurudishia chokaa kwa chokaa, na kupitisha vyuma vya kufungia ukuta na ukuta kwenye kila ghorofa.

Majengo mapya hayajasalimika kwa upya wao. Nyumba ya ghorofa iliyoachwa wazi chini kwa ajili ya maduka, ikisimama juu ya nguzo nyembamba wakati juu imejaa kuta za matofali, huvunjikia chini. Na zege iliyochanganywa kwa mchanga wenye chumvi hula nondo zake polepole, kabla tetemeko halijafika.

Bahari

Kwa mji wa pwani, tathmini ya mtikisiko bila tsunami ni nusu ya kazi. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilitokea mbele ya Sumatra, na mawimbi yake yaliufikia mwambao wetu mchana wa siku hiyohiyo. Kipimo cha maji kilichopo bandari ya Zanzibar kiliyarekodi, na Dar es Salaam watu walikufa maji. Wapo waliohitimisha kwamba tuko mbali mno kwa tsunami kubwa. Ushahidi wa Pangani unapinga hitimisho hilo. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba katika Ghuba ya Pangani, ng'ambo ya visiwa vyetu, wamekuta chini ya ardhi tabaka la mchanga lililoachwa na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita, likiwa limefunika makazi ya Waswahili wa zama hizo pamoja na mifupa ya watu. Rekodi iliyokosekana kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kwenye udongo. Mabwawa na maeneo ya mikoko ya Unguja na Pemba yanastahili kuchimbwa kwa subira ileile.

Mwendo wa tsunami hutegemea kina. Kwenye kina cha mita 4,000 hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, kwa hiyo kutoka Sumatra tunapata muda wa takriban saa tisa, unaotosha ikiwa taarifa itafika. Taarifa hizo hutolewa sasa na vituo vya Australia, India na Indonesia, na hapa nchini hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa wimbi linaloanzia Mkondo wa Pemba, kwa tetemeko au kwa mporomoko wa matope chini ya maji, hesabu ni nyingine kabisa: kwenye kina cha mita 800 mwendo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na pwani ya magharibi ya Pemba itafikiwa kwa dakika chini ya kumi. Hakuna ujumbe wa simu utakaowahi. Mtikisiko wenyewe, ukiwa mkali au mrefu, ndio tangazo, na watoto wa skuli za Wete, Chake Chake na Mkoani wanaweza kufundishwa hivyo katika kipindi kimoja.

Bamvua nalo limo kwenye hesabu. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika siku za bamvua ni karibu mita nne. Wimbi la mita mbili likija maji yamekupwa litaishia ufukweni chini ya kiwango cha kila siku. Wimbi hilohilo likija maji yamejaa litapita ukuta wa Forodhani na kuingia mjini. Kwa hiyo tathmini ya tsunami kwetu lazima ihesabiwe kwa hali zote za maji, kila moja kwa uzito wake wa saa katika mwezi.

Kazi hizi zina mpangilio wa gharama. Vyanzo vya baharini vitachukua miaka mingi na fedha nyingi, na wigo wake utabaki mpana hata baada ya hapo. Ramani ya ardhi ya mji, orodha ya nyumba ambazo boriti zake zimeoza, na mstari wa maji ya tsunami kwa kila shehia ya pwani vinaweza kufanywa na watu waliopo, kwa vifaa vinavyobebeka kwenye gari moja. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ikianza na ramani ya hori lililofukiwa, itajua mara moja ni skuli zipi, zahanati zipi na majengo yapi ya ghorofa nne yaliyosimama juu yake, na mhandisi wa kwanza atajua aanze kubisha hodi mlango gani.